Nini Kilimpata Gemakw?

Hapana hadithi inayosema yote. Mtambaji akitwambia kwamba sultani alilala na kulipokucha akaitisha baraza, hatumwulizi kama jua lilichomoza, wala kama sultani alinawa uso. Hayo tunayatia wenyewe, wala hayatushughulishi. Lakini yako matukio mengine ambayo hadithi huyaashiria, kisha ikayapa mgongo: mlango unafungwa, kilio kinasikika, na sura inayofuata inaanza mahali pengine. Msikilizaji hubaki akijiuliza: je, jambo lile limetokea? Na kama limetokea, limetokea ndani ya hadithi au ndani ya kichwa changu?

Katika zama zetu swali hili linabishaniwa kwa bidii na watu ambao pengine msomaji wa mashairi hawatazamii, nao ni wapenzi wa katuni za mashujaa wa Kimarekani. Wana sababu. Shujaa kama Batman alianza kuchorwa mwaka 1939, na tangu hapo amepita mikononi mwa waandishi na wachoraji wengi, kila mmoja akiongeza lake na pengine akivunja la mwenzake. Basi wapenzi hao wamelazimika kutenganisha: lipi lihesabiwe kuwa limemfika shujaa, na lipi liwekwe kando. Sisi wa pwani, ambao neno letu moja la hadithi hubeba ngano za bibi na mapokezi ya Mtume pamoja, kazi hiyo hatuioni ngeni. Wanavyuoni walikwisha kutuzoesha kuuliza: umeipokea kwa nani, naye aliipokea kwa nani, na je, ni sahihi au ni dhaifu? Tofauti ni kwamba wapenzi wa katuni huuliza pia juu ya jambo ambalo hakuna aliyelisema.

Mimi mjadala huu sikuukuta London wala New York. Niliukuta Daa, kata ya wilaya ya Karatu, katika nyanda za juu zinazopakana na Ngorongoro, ambako nilisomesha Kiswahili kwa miaka minne. Ni nchi ya udongo mwekundu, ya ngano, mahindi na mbaazi, na ya baridi ya Julai ambayo mtu wa Pemba huisimulia kwao asisadikiwe. Wenyeji wake wengi ni Wairaqw, ambao lugha yao si ya Kibantu bali ni ya Kikushi. Mtu aliyekazaniwa na mwalimu wake wa chuoni atoe vyema aini na haa ya kooni hustaajabu kuzisikia sauti hizo zikitoka bila ya taabu katika vinywa vya watoto ambao hawajapata kushika juzuu. Nilijiona mgeni wa mbali, na papo hapo nikasikia kitu cha nyumbani.

Karatu ni mji wa kulaza wageni waendao kreta, na wageni huacha vitabu hotelini. Mwaka 2016 kijana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye kaka yake alikuwa mpishi katika hoteli, alileta darasani kitabu cha katuni kilichochakaa: The Killing Joke, kilichoandikwa na Alan Moore, kikachorwa na Brian Bolland na kutolewa mwaka 1988. Sisi tuliokua na gazeti la Sani, na akina Lodi Lofa na Madenge, tumezoea katuni ya kuchekesha. Hii haikuwa hivyo. Katika kurasa za mwisho Batman na adui yake Joker wamesimama katika mvua. Joker anatoa kichekesho. Batman, ambaye si mtu wa kucheka, anacheka, na anamwekea mwenzake mikono. Kisha kicheko kinakatika. Inabaki mvua, na mwanga wa taa za gari juu ya maji, na mwanga nao unatoweka. Kitabu kimekwisha.

Darasa liligawanyika. Mwenye kitabu alishikilia kwamba Batman amemuua Joker, kwani kicheko cha mtu hakikatiki bure. Wengine wakasema hakuna picha inayoonyesha mkono shingoni, na kisichochorwa hakikutokea. Baadaye nilikuja kujua kwamba ubishi huo ulikwisha kufanyika huko duniani. Mwaka 2013 Grant Morrison, ambaye mwenyewe ni mwandishi mashuhuri wa hadithi za Batman, alisema hadharani kwamba kwa usomaji wake Batman anamuua Joker pale pale, na watu wengi wakampinga.

Hoja kubwa ya wapinzani wake si ya picha, ni ya yale yaliyofuata. Joker anaendelea kuonekana katika vitabu vilivyokuja baadaye. Vipi basi awe amekufa? Lakini kitabu hicho hicho ndimo Joker anamopiga risasi Barbara Gordon, na jeraha hilo lilihesabiwa: kwa miaka mingi baadaye Barbara alichorwa akiwa katika kiti cha magurudumu. Maana yake ni kwamba kitabu kimoja kiligawanywa, tukio lililoonyeshwa likaingizwa katika daftari la maisha ya mashujaa, na tukio lililoashiriwa likaachwa mlangoni.

Lipo na jambo jingine katika ulimwengu huo ambalo lilinifikirisha zaidi. Mwaka 1986 Frank Miller, katika The Dark Knight Returns, alimwonyesha Batman mzee ambaye amehifadhi vazi la Robin, msaidizi wake kijana, kama ukumbusho. Jina la kijana huyo, Jason, linatajwa kwa uchungu, lakini kilichomfika hakisimuliwi. Hapo kifo kiliashiriwa tu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1988, kampuni iliwaachia wasomaji waamue kwa kura ya simu kama Jason Todd afe au aishi. Kura 5,343 zilitaka afe, na 5,271 zilitaka aishi. Kwa tofauti ya kura 72 kijana akachorwa maiti. Mwaka 2005 waandishi wengine wakamrudisha, hai. Kwa hiyo mtu mmoja huyo kifo chake kiliashiriwa kabla hakijatokea, kikapigiwa kura, kikatokea, kisha kikafutwa.

Nilipokuwa najaribu kuwatuliza wanafunzi, msichana mmoja aliyekuwa kimya muda wote akanyoosha mkono. "Mwalimu," akasema, "hii ni kama ya Gemakw." Wenzake waliguna kwa kukubali, nami nikawa sijui wanachokubali. Nikamwomba atusimulie.

Wairaqw wana simulizi ya asili ya kuhama kwao. Zamani walikaa mahali paitwapo Ma'angwatay, ambapo hudhaniwa palikuwa pande za Kondoa, chini ya kiongozi wao Haymu Tipe. Kundi la vijana likaasi uongozi wake. Wakamteka mwanawe wa pekee, Gemakw, wakamficha msituni, na wakaweka sharti la vita, ndipo mwana aachiwe. Hapo simulizi tuliyopewa inaruka. Tunachoambiwa baada ya hapo ni kwamba Haymu Tipe aliichukua jamaa yake akakimbilia kaskazini, mahali paitwapo Guser-Twalay, na kwamba wengi wa waliobaki Ma'angwatay walimfuata, kwa kuwa walimtambua yeye kuwa ndiye kiongozi wa haki. Hata huko hakutulia. Aliagana na wafuasi wake akaenda Qawirang, katika msitu ulio magharibi ya ziwa Babati. Wale aliowaacha walikaa Guser-Twalay, na baadaye watu wao wakaenea hadi Irqwar Da'aw, nyanda za Mbulu, ambazo Wairaqw huzihesabu kuwa ndio kitovu chao. Kutoka huko vizazi vya baadaye vilipanda kaskazini hadi Karatu.

Na Gemakw? Simulizi tuliyopewa haisemi. Mwana aliyekuwa sababu ya ugomvi wote hatajwi tena.

Siku ile sikufundisha nilichokuwa nimekiandaa. Mwanafunzi mmoja alisema Gemakw aliokolewa, kwa kuwa tumeambiwa Haymu Tipe aliichukua jamaa yake, na mwana ni katika jamaa. Mwingine akajibu kwamba baba aliyeshinda na kumpata mwanawe hana haja ya kukimbia. Wa tatu akasema kwamba kama Gemakw angalikuwa hai angalirithi uongozi, na jina lake lingalisikika Guser-Twalay. Ndipo yule msichana akatoa neno ambalo mimi mgeni nisingaliweza kulitoa. Wairaqw wa zamani walikuwa na desturi iitwayo metimani: nyumba iliyopatwa na msiba wa namna fulani hujitenga na majirani kwa muda, haichanganyiki nao, mpaka iwe imetakasika. "Kwa nini Haymu Tipe aliwaacha watu wake akaenda msituni?" akauliza. "Labda alikuwa anajitenga. Labda ndiyo maana hasemi." Alilisema kama dhana, wala hakulidai zaidi ya hapo.

Nikaandika ubaoni ubeti mmoja, kwa kuwa mtu wa visiwani akikwama hukimbilia huko:

Mwana kafichwa mwituni, babaye kaitwa vita,
Hadithi haibaini, mwana wapi alipita,
Tuulizapo kwa nini, jawabu twalitafuta,
Kimya kina yake shani, mwenye sikio hupata.

Wiki iliyofuata msichana alinipeleka kwa babu yake. Nilimkuta mzee ameketi nje ya nyumba akichambua maharage. Aliisimulia habari ile kwa Kiiraqw, mjukuu akifasiri, na alipofika kwenye sharti la wale vijana akaruka kama alivyoruka mjukuu wake, asipunguze wala asizidishe. Nikamwuliza: "Shikamoo tena mzee wangu, je, Gemakw alikufa?" Akanitazama kwa upole, akasema kwa Kiswahili: "Nilivyopewa ndivyo nilivyokupa." Kisha akaendelea na maharage yake.

Tangu hapo nimekuwa nikilipima swali la wapenzi wa katuni kwa mizani tulizonazo nyumbani, na ninaona kwamba wanachanganya mambo matatu yasiyofanana.

La kwanza ni lile ambalo hadithi hulilazimisha. Katika Sura ya Yusuf, yule mtumishi aliyetoka gerezani anaomba atumwe akailete tafsiri ya ndoto ya mfalme, na maneno yanayofuatia ni yeye akimsemesha Yusuf. Safari ya kutoka baraza la mfalme hadi gerezani haikutajwa. Wanavyuoni wa balagha huliita jambo hili hadhfu, yaani kuondoa maneno ambayo maana yake imebaki. Hapana mwenye akili atakayesema kwamba mtumishi yule hakwenda. Tukio la namna hii ni sehemu ya hadithi sawasawa na lililotajwa, kwani ukiliondoa hadithi inaanguka.

La pili ni lile ambalo wasikilizaji huliongeza kwa mapenzi. Mke wa Azizi hakutajwa jina katika Sura hiyo, wala hatukuambiwa kwamba Yusuf alimwoa. Jina la Zulekha na harusi yao vimekuja kwa njia ya visa, na vimezaa mashairi mazuri katika lugha nyingi za Waislamu. Siyabezi. Lakini yana wenyewe, na mwenye kuyatoa ana wajibu wa kusema ameyatoa wapi.

La tatu ndilo gumu, nalo ni lile ambalo hadithi yenyewe imeliacha wazi. Tumkumbuke Fumo Liyongo, ambaye kwetu ndiye shujaa wa kwanza wa aina hiyo ya Kimarekani: mwili usioingia silaha, isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Liyongo aliyechomwa na mwanawe anakwenda kisimani, anapiga goti na kuuvuta upinde, na watu wa mji hawathubutu kuteka maji. Mamaye anakwenda kumbembeleza. Siku zinapita, mpaka anapoanguka ndipo wajue kwamba amekufa. Alikufa saa ngapi? Alikuwa hai mama alipokuwa akimsihi, au alikuwa akiisihi maiti? Hapana aliyeona, na nguvu yote ya kisa iko hapo. Mshairi akija leo akaiandika saa, hatakuwa ametuongezea elimu. Atakuwa ametunga utendi mwingine, ambao ndani yake watu wa mji wanateka maji bila ya hofu.

Kwa hiyo jawabu langu kwa wale vijana wa kidato cha tatu, ambao sasa ni watu wazima, ni hili. Tukio lililoashiriwa likaachwa wazi limo katika hadithi, lakini limo likiwa wazi. Anayesema "Batman alimuua" na anayesema "hakumuua" wote wawili wameuziba mlango ambao kitabu kimeuacha wazi. Na kampuni yenye hakimiliki, inapotangaza kwamba hili limehesabiwa na lile halikuhesabiwa, haisemi kilichotokea katika mvua ile; inatoa hukumu ya urithi, nani aruhusiwe kuiendeleza hadithi na kwa masharti gani.

Nasema hivi si kwa ajili ya Joker. Mjomba wangu, mkubwa wa watoto wa bibi yangu mzaa mama, alipanda jahazi Wete kwenda Tanga katika kusi ya mwaka 1974. Jahazi halikufika wala halikurudi. Hapakuonekana ubao wala kamba. Fiqhi humwita mtu kama huyo mafquud. Katika madhehebu yetu ya Shafii haikuwekwa idadi maalumu ya miaka ya kumngojea. Hungojewa mpaka, kwa dalili zilizopo, dhana ipate nguvu kwamba hayuko hai, na kadhi ndiye mwenye kuhukumu. Babu alipofariki, fungu la mjomba katika shamba la mikarafuu lilisimamishwa. Mwaka 1996 kadhi alihukumu kwamba mjomba ahesabiwe amekufa, na mali ikagawanywa. Na wanavyuoni, kwa kuwa waliijua dunia, waliandika pia kwamba mtu wa namna hiyo akirudi, hukumu inaondoka, na hupewa kilichobaki cha mali yake. Nilipokisoma kisa cha Jason Todd nilijua kwamba sheria yake tulikuwa nayo zamani.

Bibi aliipokea hukumu bila ya kinyongo. Hakulidai shamba, hakugombana na mtu. Lakini kanzu ya mwanawe ilibaki katika sanduku, na neno marehemu hakulitia mbele ya jina lake hata siku moja. Mama yangu alipomwuliza kwa nini, alisema: "Hukumu nimeisikia, mwanangu. Habari yake ndiyo sijaisikia." Alifariki mwaka 2009.

Sasa jamaa zangu wa Wete, Dar es Salaam na Muscat wamenitwika kazi ya kuandika shajara ya ukoo wetu, watoto wasije wakapotezana. Penye jina la mjomba pamezuka maneno. Mama yangu mdogo anataka iandikwe kwamba alifariki mwaka 1974, asomewe hitima kama wengine, roho itulie. Binamu yangu mmoja ameshikilia kwamba mjomba alionekana Mombasa, ana mke na watoto, na kwamba tukiandika kifo tutakuwa tumewakata ndugu zetu. Nimemwuliza aliyemwona ni nani. Amenitajia mtu aliyesikia kwa mtu. Na wote wawili naona wanasema kwa mapenzi.

Ninajua uzito wa kalamu hapa. Shajara ikishapigwa chapa na kuchukuliwa Muscat, watoto wetu hawatauliza tena; itakuwa ndiyo mapokezi yao. Nikiandika "alifariki", nitakuwa nimeigeuza hukumu kuwa habari. Nikiandika ya Mombasa, nitakuwa nimemwoza Yusuf kwa Zulekha bila ya kumtaja mwenye kisa. Na nikiliruka jina lake kabisa, nitakuwa nimefanya ambalo hata wasimulizi wa Irqwar Da'aw hawakulifanya. Wao hawakusema Gemakw alifikia wapi, lakini hawakukubali asahauliwe kwamba alikuwako, na kwamba alitekwa, na kwamba baba yake aliitwa. Vizazi kwa vizazi wamemchukua kijana yule hadi ukingoni mwa msitu, wakamwacha hapo walipomwachiwa.

Nimeandika hivi: jina lake, jina la baba na la mama, na mwaka aliozaliwa. Kisha: "Alipanda jahazi Wete, kusi ya 1974. Kadhi alihukumu kufa kwake mwaka 1996. Mama yake hakupata kumwita marehemu." Mama mdogo nimemwambia kwamba dua haingoji cheti, na hitima tutaisoma kwa nia ya watu wetu wote, walio hai na waliotangulia. Amekubali, ingawa kwa shingo upande. Binamu naye nimemwomba aendelee kuuliza Mombasa.

Chini ya maneno hayo nimeacha nafasi ya mistari miwili, kwa atakayekuja na habari.